Senti Hamsini kwa Kila Dola Mia

Tarehe 1 Mei 2018 wakazi wa Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee nchini Marekani, waliitwa vituoni kupiga kura juu ya jambo linalomgusa kila anayeingia dukani: je, wanakubali kodi ya mauzo ipandishwe ili jiji lijenge mtandao mpya wa usafiri wa umma? Walikataa, tena kwa kishindo. Katika kila wapiga kura 100, 64 walisema hapana. Tarehe 5 Novemba 2024 swali likarudi mbele ya watu wa jiji hilohilo, na kodi iliyotajwa ilikuwa ileile ya mauzo. Safari hiyo karibu 66 katika kila 100 walisema ndiyo.

Kati ya kura hizo mbili maisha hayakuwa yamelegea. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda, pango la nyumba limepanda, na mwaka 2020 baraza la jiji lilikuwa limeongeza kodi ya majengo kwa asilimia 34. Ingedhaniwa kwamba watu waliochoshwa na gharama wangekuwa wakali zaidi mara ya pili. Haikuwa hivyo, na sababu yake inafaa kuchunguzwa na yeyote anayejali namna miji inavyopata fedha zake. Kura za Nashville, na za miji mingine iliyopitia njia hiyo, zinaonyesha kwamba mkazi anapoulizwa kuhusu kodi haangalii ukubwa wa kiwango peke yake. Anaangalia ni kitu gani kitafika mtaani kwake, nani atabeba mzigo mkubwa zaidi, na kama anayeomba fedha anaaminika.

Kodi inayosomeka kwenye risiti

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi amezoea kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya. Kodi hiyo hutozwa hatua kwa hatua, kutoka kiwandani hadi kwa mchuuzi wa rejareja, na bei inayobandikwa kwenye rafu kwa kawaida huwa imeshaibeba. Marekani haina kodi hiyo. Iliyopo ni kodi ya mauzo, inayotozwa mara moja tu, pale mnunuzi wa mwisho anapolipa. Shati lililoandikwa dola 20 halitoki dukani kwa dola 20. Mashine ya keshia huongeza kodi juu yake, na kwenye risiti kodi hiyo hupewa mstari wake. Kila anayenunua anaona kwa macho yake kiasi alichokatwa.

Serikali kuu ya Marekani haitozi kodi ya mauzo. Hutozwa na majimbo mengi, kisha kaunti na majiji huongeza sehemu yao. Kwa hiyo mtu akivuka mpaka wa kaunti anaweza kulipa bei tofauti kwa bidhaa ileile. Nashville, ambayo tangu mwaka 1963 imeungana na Kaunti ya Davidson kuwa serikali moja, ilikuwa na kiwango cha asilimia 9.25: saba za jimbo na 2.25 za jiji. Kura ya 2024 ilihusu kuongeza nusu asilimia, yaani senti 50 kwa kila dola 100 za manunuzi, na kukifikisha kiwango kwenye asilimia 9.75.

Chakula cha kupikia nyumbani kina hesabu yake. Jimbo la Tennessee hutoza chakula asilimia 4 badala ya 7, lakini sehemu ya jiji hubaki kamili. Baada ya ongezeko, mfuko wa unga, maziwa na maharage hulipiwa kodi ya asilimia 6.75. Familia inayonunua vyakula vya dola 150 kwa wiki inaongezewa senti 75 kila wiki, au dola 39 kwa mwaka. Kwa mwenye mshahara mzuri hizo ni fedha za mlo mmoja hotelini. Kwa mwenye kuhesabu nauli kila asubuhi ni jambo jingine.

Kwa nini jiji likimbilie kodi hii na kuacha nyingine? Kwa sababu nyingine zimefungwa. Tennessee haikati kodi ya mapato kwenye mishahara, na mwaka 2014 wapiga kura wa jimbo hilo waliliandika katazo hilo kwenye katiba yao. Kodi ya jimbo iliyokuwa imebaki kwenye mapato ya watu binafsi, ile ya riba na gawio, ilifutwa tarehe 1 Januari 2021. Jiji limeachiwa nguzo mbili, kodi ya majengo na kodi ya mauzo. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipitisha sheria iitwayo IMPROVE Act, iliyoruhusu kaunti na majiji makubwa kuongeza kodi kadhaa kwa ajili ya usafiri wa umma, kwa sharti moja: wananchi waulizwe kwanza kwa kura.

Handaki lililowatia watu shaka

Nashville ilikuwa ya kwanza kuitumia sheria hiyo. Meya wa wakati huo, Megan Barry, alikuja na mpango mkubwa: takriban kilomita 42 za treni nyepesi ya umeme katika njia tano, mabasi ya mwendo kasi katika barabara nyingine, na handaki la karibu kilomita tatu chini ya katikati ya jiji. Gharama ya ujenzi ilitajwa kuwa dola bilioni 5.4, na ilipojumlishwa na uendeshaji pamoja na mfumuko wa bei wa miaka ya mbele ikafika karibu dola bilioni 9. Kodi ya mauzo ingepanda kwa nusu asilimia kwanza, kisha kufikia asilimia moja kamili mwaka 2023. Kodi za hoteli, za magari ya kukodi na za biashara zingeongezwa pia.

Waliopinga hawakuwa kundi la aina moja, na hapo ndipo wachambuzi wengi wanapokosea wanapoisimulia kura hiyo. Upande mmoja walisimama wanaopinga kodi kwa msimamo wa kisiasa. Shirika la Americans for Prosperity, lenye mizizi katika mtandao wa ndugu matajiri wa ukoo wa Koch, lilipiga simu na kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Hoja yao ilikuwa kwamba treni ni teknolojia ya gharama kubwa mno kwa jiji lililotawanyika, ambako wengi huenda kazini kwa gari binafsi. Pamoja nao walikuwepo wafanyabiashara walioona kwamba kiwango cha asilimia 10.25 kingewafukuza wateja kwenda kaunti za jirani.

Upande wa pili walikuwa watu walioutaka usafiri wa umma kwa moyo wote, lakini si ule. Wanaharakati wa makazi waliuliza wapangaji watakwenda wapi treni ikipita na bei za viwanja zikapaa. Wakazi wa North Nashville, eneo la kihistoria la Wamarekani Weusi, waliuliza kwa nini mitaa yao ipate kidogo katika mpango ambao nao wangeulipia kila wanaponunua sabuni.

Swali hilo lina historia. Miaka ya 1960 barabara kuu ya I-40 ilipitishwa katikati ya eneo hilo na kuivunja Jefferson Street, mtaa uliokuwa moyo wa biashara na muziki wa Weusi wa Nashville. Wakazi waliunda kamati, wakaenda mahakamani mwaka 1967, wakashindwa. Nyumba zikabomolewa, maduka yakafungwa, mitaa ikakatwa vipande. Mtu ambaye wazazi wake waliondolewa kwa jina la usafiri bora haambiwi kirahisi kwamba safari hii mambo yatakuwa tofauti. Anayeita tahadhari ya namna hiyo ubahili au ujinga hajui jiji hilo lilikotoka.

Juu ya yote hayo, mwenye mpango aliondoka katikati ya kampeni. Tarehe 6 Machi 2018, wiki nane kabla ya kura, Meya Barry alijiuzulu kufuatia kashfa ya uhusiano wake na ofisa wa ulinzi wake na matumizi ya fedha za umma. Naibu wake, David Briley, alirithi kampeni iliyokwisha kupoteza sauti. Kura yenyewe iliwekwa siku ya uchaguzi wa mchujo wa kaunti mwezi Mei, ambao kwa kawaida huvuta watu wachache. Matokeo ya asilimia 64 kwa 36 yalikuwa ujumbe usiohitaji mkalimani.

Njia za miguu, taa na basi la usiku

Freddie O'Connell alichaguliwa kuwa meya Septemba 2023. Alikuwa amewahi kuongoza bodi ya mamlaka ya mabasi ya jiji, na anajulikana kwa kuyapanda mwenyewe. Alipolirudisha suala la kodi, handaki lilikuwa limeondolewa na treni haikuwemo. Gharama za ujenzi zilitajwa kuwa dola bilioni 3.1 ndani ya miaka 15. Kodi iliyoombwa ilikuwa nusu asilimia tu, bila ngazi ya pili ya kupandishwa baadaye.

Mambo yaliyoorodheshwa yalikuwa madogo moja moja, na yangeonekana kila mahali. Kilomita 138 hivi za njia za waenda kwa miguu. Taa za kuongozea magari karibu 600 zilizoboreshwa ili zisome msongamano. Takriban kilomita 87 za barabara kubwa zitakazopangwa upya ili basi lisikwame nyuma ya foleni. Vituo 12 vya kubadilishia mabasi, ili abiria asilazimike kwenda mpaka katikati ya jiji kila anapotaka kufika mtaa wa jirani. Mabasi ya saa 24, siku zote za mwaka. Unafuu wa nauli kwa wenye kipato cha chini.

Tofauti kati ya orodha hii na ile ya 2018 ni kubwa kuliko tofauti ya fedha. Treni ya njia tano humnufaisha moja kwa moja anayeishi karibu na njia hizo. Wengine wote huambiwa kwamba foleni itapungua siku moja, na wao wamechoka na siku moja. Njia ya miguu hujengwa mbele ya nyumba za watu. Mama anayesukuma kigari cha mtoto kwenye ukingo wa barabara yenye magari ya kasi haelezwi faida yake mara mbili. Nesi wa zamu ya usiku au mpishi wa baa za mtaa wa Broadway jijini humo anayetoka kazini saa tisa za usiku anajua basi la saa hiyo lina thamani gani, kwa sababu amelilipia kwa teksi kwa miaka mingi.

Mpango huo ulitokana na makumi ya mipango ya mitaa iliyokuwa imekwishaandikwa, na makumi ya maelfu ya maoni ya wakazi yaliyokusanywa kwa miaka. Kwa hiyo wengi walikuta humo vitu walivyoviomba wenyewe. Jiji lilitoa pia hesabu mbili zilizokaa kichwani: kwamba familia ya kawaida ingeongezewa kiasi cha dola 70 kwa mwaka, na kwamba zaidi ya nusu ya kodi ya mauzo hulipwa na watu wasioishi katika kaunti hiyo, wakiwemo watalii wanaomiminika kila mwisho wa wiki kusikiliza muziki wa kantri. Hoja ya mgeni kuchangia barabara anazozitumia iliwafurahisha hata watu wasiopanda basi kamwe.

Hata hivyo wapinzani walikuwepo, na hoja zao zilistahili kujibiwa. Kundi lililojiita Committee to Stop an Unfair Tax lilisema kwamba kodi ya mauzo ni kodi ya dhuluma kwa maskini, na kwamba idadi ya abiria wa mabasi haihalalishi matumizi makubwa hivyo. Wengine waliuliza kwa nini njia za miguu, ambazo ni wajibu wa kawaida wa jiji, ziombewe kodi mpya. Swali hili la mwisho lilikuwa zito, na jibu la kweli ni kwamba jiji lilikuwa limeshindwa kwa miongo kuzijenga kwa fedha za kawaida. Nashville ilikuwa miongoni mwa majiji makubwa machache ya Marekani yasiyo na chanzo maalumu cha fedha za usafiri wa umma. Kila mwaka mabasi yaligombania bajeti na shule, polisi na zimamoto.

Mzigo unamwangukia nani

Waliopinga kwa jina la maskini walikuwa na hoja ya kiuchumi isiyopingika. Chukua mfano wa familia mbili. Ya kwanza inapata dola 30,000 kwa mwaka na kutumia 20,000 kwa vitu vinavyotozwa kodi ya mauzo. Nusu asilimia ya hizo ni dola 100, sawa na theluthi moja ya asilimia ya kipato chake. Ya pili inapata dola 300,000, inatumia 60,000 kwa vitu vya aina hiyo, na fedha nyingine inaziweka akiba au kwenye hisa. Nusu asilimia yake ni dola 300, sawa na moja ya kumi ya asilimia ya kipato. Tajiri amelipa fedha nyingi zaidi, lakini maskini amekatwa sehemu kubwa zaidi ya alicho nacho, kwa zaidi ya mara tatu.

Tennessee ina kanuni nyingine inayolizidisha jambo hilo. Sehemu ya kodi inayokwenda kwa jiji hutozwa tu kwenye dola 1,600 za mwanzo za bidhaa moja. Anayenunua gari la dola 40,000 halipi nusu asilimia ya 40,000, ambayo ingekuwa dola 200. Anaongezewa dola nane. Anayetumia dola 1,600 kwa viatu vya watoto, sufuria, dawa za kufulia na nguo za kazi, moja baada ya nyingine kwa mwaka mzima, naye anaongezewa dola nane. Jiji haliwezi kuibadilisha kanuni hiyo, kwa kuwa ni sheria ya jimbo.

Lipo jambo la tatu ambalo kampeni zote mbili zililipitia juu juu. Kodi ya mauzo hulipwa na kila mtu, ila kura hupigwa na raia waliojiandikisha tu. Kandokando ya Nolensville Pike, barabara ya maduka na migahawa ya wahamiaji, wanaishi watu kutoka Amerika ya Kati, Kurdistan, Somalia na kwingineko. Miongoni mwa wakimbizi waliopewa makazi Tennessee katika miaka ya karibuni wamo Wakongo wengi, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili. Asiyepata uraia anakatwa kodi kuanzia siku ya kwanza anaponunua sahani na blanketi, na mara nyingi yeye ndiye anayelihitaji basi zaidi, lakini hana karatasi ya kura. Kwake yeye, mikutano ya hadhara na vikao vya madiwani ndiyo mahali pekee pa kusema. Jiji linalotaka haki halina budi kuvipeleka vikao hivyo kwenye mitaa hiyo, kwa lugha zinazosikika huko.

Je, haya yanatosha kuifanya kodi ya mauzo kuwa mbaya siku zote? Hapana. Inategemea fedha zinarudi wapi. Kodi inayomuumiza maskini kidogo lakini ikamrudishia basi la usiku, nauli nafuu na njia salama ya kumfikisha kazini inaweza kumwacha katika hali bora kuliko awali. Kodi ileile ikienda kwenye jambo asiloligusa, imemwacha pabaya zaidi. Kwa hiyo mjadala wa nani analipa hauna maana ukitenganishwa na mjadala wa nani ananufaika.

Denver, Oklahoma City na Kansas City

Siku ileile Nashville ilipopiga kura yake ya pili, wakazi wa Denver, Colorado, walikuwa na maswali mawili ya kodi ya mauzo kwenye karatasi moja. Colorado ina sheria kali ya tangu mwaka 1992 inayozuia kodi yoyote kupandishwa bila idhini ya wapiga kura, na inayolazimisha swali lianze kwa kutaja wazi, kwa herufi kubwa, kodi zitaongezwa kwa dola ngapi kwa mwaka. Mpiga kura wa Denver hawezi kusema alifichwa.

Swali la kwanza liliomba asilimia 0.34, kiasi cha dola milioni 70 kwa mwaka, kwa ajili ya Denver Health, hospitali ya umma inayopokea wagonjwa wasio na bima na iliyokuwa ikilemewa na gharama za matibabu yasiyolipwa. La pili, lililosukumwa na Meya Mike Johnston, liliomba nusu asilimia, kiasi cha dola milioni 100 kwa mwaka hadi mwaka 2064, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Wakazi walikubali la hospitali. La nyumba walilikataa kwa tofauti ndogo.

Uhaba wa nyumba Denver ni tatizo ambalo kila mpangaji analijua, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba watu hawakujali. Walichokiona ni mambo mawili yenye sura tofauti. Hospitali ipo, ina milango, na watu wa jiji hilo wamezaliwa humo. Mpango wa nyumba uliletwa upesi, na baadhi ya madiwani wenyewe walilalamika hadharani kwamba haujaonyesha nyumba zipi, wapi, na kwa ajili ya watu wa kipato gani. Kuomba miaka 40 ya kodi kwa maelezo ya namna hiyo ni kuomba imani nyingi mno.

Oklahoma City ilijifunza somo hilo mapema. Mwaka 1991 jiji hilo lilishindwa na Indianapolis katika kuwania kituo cha matengenezo ya ndege cha shirika la United Airlines, licha ya motisha yote ya fedha liliyoahidi. Viongozi, akiwemo Meya Ron Norick, walitambua kwamba jiji lao halikuwa mahali ambapo wafanyakazi wa kampuni wangetamani kuhamia. Tarehe 14 Desemba 1993 wakazi waliombwa asilimia moja ya kodi ya mauzo kwa muda maalumu, ili kujenga miradi iliyotajwa jina kwa jina: uwanja wa besiboli, mfereji wa maji katika mtaa wa Bricktown, maktaba, ukumbi wa michezo na mingineyo. Walikubali kwa asilimia 54, ushindi mwembamba. Fedha zilikusanywa kwanza na kutumika zilivyoingia, bila jiji kujitwisha madeni, na hatimaye kodi hiyo ikakoma.

Kilichofuata kinaeleza mengi. Kura za aina hiyo zilirudiwa mwaka 2001 kwa ajili ya shule, 2009 kwa bustani na miradi mingine, na 2019 kwa mpango uliobeba pia makazi, afya ya akili na huduma kwa wasio na makao. Ule wa 2019 ulipita kwa zaidi ya asilimia 71. Wakazi waliosita mwaka 1993 walikuwa wameona mfereji, wakaona uwanja, na wakaona kodi ikikoma. Imani ilikua kutoka asilimia 54 hadi 71 kwa sababu hiyo.

Kansas City, Missouri, ilionyesha upande mwingine. Tarehe 2 Aprili 2024 wakazi wa Kaunti ya Jackson, ambamo sehemu kubwa ya jiji hilo imo, waliulizwa kama kodi iliyokuwepo ya asilimia 0.375, iliyotakiwa kwisha mwaka 2031, iwekwe upya kwa miaka 40 ili kuijengea klabu ya besiboli ya Royals uwanja mpya na kuukarabati uwanja wa Arrowhead wa klabu ya mpira wa Kimarekani ya Chiefs. Chiefs walikuwa wametoka kutwaa ubingwa wa taifa miezi miwili tu kabla, na jiji zima lilikuwa limevaa nyekundu. Bado asilimia 58 walikataa. Mahali pa uwanja mpya, mtaa wa Crossroads, palitangazwa Februari, wiki chache kabla ya kura, na wenye maduka na migahawa ya mtaa huo walijikuta kwenye ramani ya kubomolewa. Shirika la wapangaji la KC Tenants lilihoji kwa nini kodi ya sabuni na nepi ichangie viwanja vya matajiri. Kumpenda mchezaji na kumjengea mwenye klabu ni mambo mawili, na wakazi waliyatenganisha bila shida.

Baada ya kura

Nashville ilianza kutoza kodi mpya tarehe 1 Februari 2025. Wapinzani walikuwa wameshapeleka suala hilo mahakamani. Hata bila mahakama, hukumu halisi ya kura ile bado haijatolewa. Miaka 15 ni mirefu. Meya aliyeomba fedha atakuwa ameondoka kabla ya njia ya mwisho ya miguu kumwagiwa zege. Yanayohitajika sasa ni hesabu zinazosomeka na mtu wa kawaida: mwaka huu zimekusanywa dola ngapi, zimejenga nini, mtaa gani, na mtaa gani bado unasubiri. North Nashville ina haki ya kupata majibu hayo kabla ya wengine.

Somo hili halihitaji kuvuka bahari ili lieleweke. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu Julai 2021, malalamiko ya wananchi yalienea mitaani na mitandaoni, na kabla miezi miwili haijaisha serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Kenya ilipopendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye mkate, pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024 kwa shinikizo la umma, na muswada wote wa fedha ukarudishwa bungeni bila kutiwa saini baada ya maandamano na vifo. Maoni ya watu yalisikika baada ya uamuzi kuandikwa, na, kwa upande wa Kenya, kwa gharama kubwa ya maisha ya vijana. Ibara ya 201 ya Katiba ya Kenya inadai ushirikishwaji wa wananchi katika masuala ya fedha za umma. Vikao vya ushirikishwaji huo vina maana vikifanyika mapema, wakati pendekezo bado linaweza kubadilishwa, na vikijibu maswali ambayo wakazi wa Nashville na Denver waliyauliza.

Maswali hayo ni manne. Kiasi gani, na kwa muda gani? Kitajengwa nini, na kwenye mtaa upi? Nani atalipa sehemu kubwa zaidi ya kipato chake, na atarudishiwa nini? Nani atakagua hesabu, na ripoti yake itasomwa wapi? Msomaji anayeishi katika jiji linalojiandaa kuongeza kodi, awe raia mwenye kura au mgeni mwenye risiti tu, aende kwenye kikao cha madiwani wake na kuyauliza yote manne kabla ya siku ya uamuzi. Na kiongozi asiyeweza kuyajibu bado hajawa tayari kuomba hata senti moja.